Baba Alipokuwa Akijaza Risasi

Wiki iliyopita nilitoka kwenye usaili wa kazi huko Marshalltown nikiwa na njaa na aibu, nikanunua hindi la kuchoma kwa mama mmoja anayeuza karibu na roboti, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani. Usaili ulikuwa umeisha upesi kuliko nilivyojiandaa, na mimi ni mtu wa kujiandaa kupita kiasi. Nilikuwa nimepanga hata namna ya kukaa kwenye kiti. Nikala lile hindi nimesimama, magari yakinipita, huku nikirudia moyoni kila jibu nililotoa na kila jibu ambalo ningelitoa. Nilipomaliza, yule mama akanielekezea mfuko wake wa taka. Nikashindwa kulitupa gunzi. Nilibaki nimelishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

"Tupa hapa tu, dada," akasema.

Nikaliweka mkobani, katikati ya nakala za vyeti vyangu, nikaondoka. Najua ulivyonifikiria. Ngoja nikueleze basi, rafiki yangu, huenda ukanihurumia badala ya kunicheka.

Nilipokuwa mdogo, nyumbani kwetu gunzi halikutupwa. Lilianikwa juu ya bati la gereji mpaka likakauka na kuwa jepesi, kisha nyanya akalitwanga kwenye kinu, akalichekecha, na chenga zake zikaenda kwa baba za kung'arishia maganda ya shaba ya risasi. Ndiyo, risasi. Baba yangu alikuwa mpiga shabaha, na risasi zake alizijaza mwenyewe katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu hapa Johannesburg, chumba ambacho majirani wenye nyumba kama yetu walikuwa wakipangisha.

Baba alikuja kutoka Kenya kufanya kazi benki, kwenye idara ya kukadiria hasara. Kwa maneno mengine, alilipwa kuketi na kufikiria kila kitu kinachoweza kuharibika. Mimi nimerithi nusu ya kwanza ya kazi hiyo. Yeye akishafikiria alipiga hesabu, akaamua, akalala usingizi. Mimi nafikiria tu. Huko kazini kulikuwa na mzungu mmoja wa kijijini, mtu wa maneno machache, ambaye Jumamosi moja alimpeleka kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, kwenye nyasi kavu mbele ya vilima vya taka za mgodi wa zamani. Baba alilala kifudifudi kwenye mkeka, akapiga risasi moja kwenye karatasi iliyokuwa mbali kiasi kwamba hakuiona vizuri kwa macho matupu, akarudi nyumbani mtu mwingine. Alifuata taratibu zote za polisi, mafunzo, mitihani, kasha la chuma lililofungwa ukutani, na mwisho akapata leseni.

Mama hakufurahi. Kwao, alisema, bunduki ni ya askari au ya jambazi, na yeye aliolewa na mtu wa benki. Basi wezi walipovunja nyumba ya jirani, akamkabili baba jikoni, mwiko wa ugali mkononi.

"Baba watoto, na hiyo bunduki yako kazi yake ni nini hasa?"

"Kutoboa karatasi," baba akasema.

"Wakija hapa?"

"Wakija na karatasi, nitaitoboa."

Mama alijizuia kucheka akashindwa. Lakini baba hakuwa anatania. Hata mara moja sikumwona akiigusa bunduki ile kwa hasira au kwa woga. Ilikuwa kwake chombo cha kupimia. Alitaka kujua kama kitu kilichofanywa kwa uangalifu wote kitakwenda pale kilipotumwa, na kikikosa, alitaka kujua ni kwa nini. Ndiyo maana hakupenda risasi za dukani. Alisema hawezi kuamini kitu ambacho hakukiona ndani.

Kazi yenyewe ilifanyika Jumamosi mchana, na ilianza na nyanya. Nyanya ni mama yake baba. Alikuja kutusalimia akakaa miaka. Hapa hakuwa na shamba wala jirani wa kuongea naye kwa lugha yake, na unga wa huku aliulalamikia kila siku kwamba ni laini mno, ugali wake haushikiki. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba chenga za magunzi ndizo zinazotumika kung'arisha maganda, na kwamba baba anazinunua kwa pesa, alishangaa sana.

"Pesa? Ya magunzi?" Akanigeukia. "Mwanangu amemaliza vyuo vyote, halafu ananunua takataka kwa wazungu."

Akaagiza kinu. Tangu siku hiyo akawa na shughuli. Aliwaambia waumini wote wa ushirika wetu wa Wakenya wasitupe magunzi, wamletee. Watu wakaja na mifuko yao kila ibada. Wengine walidhani anatengeneza dawa, na mama mmoja aliwahi kumwendea pembeni akamnong'oneza kama inasaidia miguu inayovimba. Nyanya alimjibu kwamba inasaidia shaba tu, na yule mama akaondoka akiwa na uhakika zaidi kwamba ni dawa.

Bado naisikia ile Jumamosi. Kinu cha nyanya uani, dum, dum, bila haraka. Pipa dogo la baba lenye mota, lililozungusha maganda ndani ya zile chenga asubuhi nzima kwa sauti ya mvua ya mbali. Mama akisukuma chapati, dirisha la jikoni wazi. Halafu kama ni miezi ya joto, mawingu meusi yanakusanyika mchana, radi inapiga, na mvua ya mawe inatufukuza sote kuokoa magunzi juu ya bati, nyanya akituhimiza kana kwamba ni mahindi yenyewe yanayoloa. Pipa likifunguliwa, maganda yalitoka ya moto kidogo, ya manjano, yakinuka vumbi tamu. Nilipenda kuyamimina kutoka kiganja hiki kwenda kile.

Kuna mara baba alizipitisha shingo za maganda kwenye moto wa gesi. Shaba ikipigwa mara nyingi huwa ngumu na kupasuka, akanieleza, na moto huilainisha ikawa kama haijawahi kutumika. Rangi zilikuwa nzuri mno, bluu nyepesi ikiteremka kwenye manjano, halafu ganda likaanguka kwenye karai la maji na kulia *chss*. Nafikiri ni kwa sababu ya rangi zile nikaenda kusomea metali chuoni Doornfontein. Ninayo shahada yake. Imo kwenye mkoba ule wenye gunzi.

Kwenye meza ya mbao nzito palifungwa chombo cha chuma chenye mkono mrefu, ambacho sisi tulikiita jeki. Ganda linawekwa, mkono unashushwa, na ganda linarudishwa umbo lake. Kisha linatiwa fataki mpya kwenye kitako, ile inayowaka ikigongwa. Kisha yanapangwa yote, midomo juu, kwenye kibao chenye matundu, tayari kwa baruti. Hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Baba alizima redio, akafunga dirisha ili upepo usisumbue mizani, akavaa miwani yake ya karibu. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa kuongea. Mama alijua. Nyanya alijua, hata kinu alikiacha. Baba alipima baruti kwenye kisahani cha mizani, akaimimina kwa faneli kwenye ganda la kwanza, akapima tena, akaimimina kwenye la pili, na hivyo hivyo, ganda kwa ganda, bila kuinua uso.

Kazi yangu ilikuwa kutazama. Akishamaliza kibao kizima, kabla ya kuyaziba maganda kwa vichwa vya risasi, nilipanda kwenye kistuli nikamulika tochi ndani ya kila ganda, moja baada ya jingine, nione kama baruti imefika usawa mmoja. Ganda lisilo na baruti, fataki yake ikiwaka peke yake, linaweza kumfanya kichwa cha risasi akwame ndani ya mtutu. Baba alizungumza hivyo, kana kwamba kichwa cha risasi ni mtu. Lenye baruti mara mbili linaweza kuvunja bunduki usoni mwa anayeipiga.

"Umetazama?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Tazama tena, mama." Kwetu binti aliyepewa jina la nyanya yake, wazazi wake humwita mama.

Nataka uelewe jambo hili, maana bila hili mengine hayatakuwa na uzito. Shuleni niliambiwa nina wasiwasi. Mwalimu aliandika kwamba nachelewa kumaliza mitihani kwa kurudia majibu yangu. Mama alichoka kunihakikishia kwamba mlango umefungwa. Lakini pale juu ya kistuli, tochi mkononi, nikitazama tena na tena, palikuwa mahali pekee duniani ambapo wasiwasi wangu ulikuwa na kazi, na mtu niliyempenda alinishukuru kwa ajili yake.

Jumamosi moja wageni wa ushirika walikuja bila kubisha hodi, kama watu wetu wanavyokuja wakijua chai haikosekani. Mbele yao alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye tumbo, aliyependa kuombea nyumba chumba kwa chumba. Mama alijaribu kumkalisha sebuleni. Akasema la, tuanze na huko nyuma, ambako anasikia kuna silaha. Akaingia na msafara wake mpaka penye meza. Baba alikuwa katikati ya kibao, kisahani mkononi.

"Bwana asifiwe, ndugu," mzee akasema. "Tuombe."

Baba aliinua kidole kumwomba asubiri. Lakini mzee alikuwa amekwisha kufumba macho, na wote wakafumba, na baba, ambaye alilelewa na nyanya, hakuweza kubaki amekodoa macho katika maombi. Akafumba. Mimi nilifumba jicho moja, la pili likimtazama mzee. Maombi yalikuwa marefu; yalipita kwenye malango yetu, kazi zetu, masomo yangu, hati za kuishi nchini za kila aliyekuwapo. Amina iliposemwa, kisahani kilikuwa kimerudi kwenye mizani, tupu, na baba hakujua kama alikwisha kukimimina.

Aliwasindikiza kwenye chai, akala chapati nao, akacheka nao. Walipoondoka akarudi chumba cha nyuma nami nikamfuata na tochi. Nilimulika. Yote yalionekana sawa, yaliyojaa yamejaa na matupu ni matupu, na nilimwambia hivyo.

"Na mimi naona hivyo," akasema. Halafu akachukua kibao kizima na kuanza kumimina baruti yote kurudi koponi, ganda moja moja.

Nyanya alikuwa mlangoni. "Si mtoto amesema ni sawa?"

"Ni sawa, mama. Lakini mimi sina hakika, na risasi haitaniuliza kama nilikuwa naomba."

"Hata Mungu unamwagia kazi yake."

"Mungu ataelewa. Hata yeye dunia aliianzia gizani, sembuse mimi."

Akaanza upya. Mwanga ulikuwa unakwisha uani, nyanya akikusanya magunzi yake, na baba akipima na kumimina kama vile hapakuwahi kuwa na kibao kingine. Sijawahi kujisikia salama kama jioni ile. Niliamini kwamba duniani kuna mtu ambaye akiwa na shaka hata ndogo atamwaga kila kitu na kuanza mwanzo, na kwamba mtu huyo ananilea mimi.

Nyanya alirudi Kenya, akazikwa huko. Tukarudi kununua chenga za dukani. Mimi nikakua, nikaingia chuo, nikawa naamka alfajiri kwenda Doornfontein na kurudi jioni, na Jumamosi nyingi nilikuwa maabara. Baba akastaafu. Alisema sasa atapiga shabaha ipasavyo, na kweli tulimwona chumba cha nyuma karibu kila siku. Mama alisema afadhali huko kuliko kukaa akibishana na televisheni.

Ukiniuliza ni lini ilianza, siwezi kukujibu, na usifikirie kwamba sijajaribu. Nimeipitia miaka ile mara nyingi. Alisimama roboti ikiwa kijani mpaka wa nyuma wakapiga honi, akasema anafikiria. Alimuuliza mama habari ya dada yake, akajibiwa, akauliza tena wakati chai haijapoa. Mama ni muuguzi, na muuguzi nyumbani kwake ni mtu wa mwisho kuona. Tulisema ni uzee. Tulisema ni kustaafu. Kila mmoja wetu alikuwa na neno lake la kufunika.

Ile Jumamosi nilikwenda naye uwanjani kwa sababu mitihani yangu ya mwisho ilikuwa imekwisha na aliniomba. Ilikuwa asubuhi ya baridi kavu, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Alilala kwenye mkeka kama siku zote. Risasi za kwanza zilitoka vizuri, mlio mzito unaokugonga kifuani. Halafu akavuta kifyatulio tena na badala ya mlio nikasikia sauti ndogo, *tuk*, kama mtu aliyeangusha kijiko chumba cha pili.

Nilijua. Niliijua sauti hiyo ingawa sikuwahi kuisikia. Nilikuwa nimeiogopa tangu utotoni. Baba hakuijua. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuvuta komeo la bunduki, akatoa ganda, akatia risasi nyingine.

"Baba, acha," nikasema. Masikio yake yalikuwa yamezibwa. Nikamshika kifundo cha mguu.

Msimamizi wa uwanja alikuwa yule yule mzungu wa benki aliyemleta mara ya kwanza, sasa mzee kama yeye. Alikuja akikimbia kwa magoti yake mabovu, akaweka kiganja juu ya komeo. Hakupaza sauti. Aliitoa ile risasi, akafungua bunduki, akachungulia mtutu kutoka upande mmoja akiuelekeza mbinguni, kisha akanipa nami nichungulie. Hapakuwa na mwanga. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama katikati. Ile ya pili ingetoka, ingekikuta pale.

"Eish," mzee yule akasema taratibu. Kisha akamwambia baba, "Rafiki yangu, leo tunywe kahawa tu."

Baba aliketi kwenye benchi, viziba masikio shingoni. Alitutazama kwa zamu.

"Nani aliniongelesha?" akauliza.

"Wapi, baba?"

"Nilipokuwa najaza. Lazima kuna mtu aliongea."

Hakuna aliyeongea. Alikuwa peke yake chumbani wiki nzima.

Kesho yake, baada ya kanisa, tuliketi mezani mimi na yeye kuzifungua zilizobaki. Kuna kinyundo maalumu. Unaifunga risasi ndani yake, unagonga sakafuni, na kichwa kinachomoka. Nyingi zilikuwa sawa. Kadhaa hazikuwa na chembe ya baruti. Na moja ilikuwa imeshindiliwa mpaka mdomoni, nyingi kuliko nilivyowahi kuona kwenye ganda. Niliiweka mbele yake. Niliitazama tena, kama alivyonifundisha, nikiomba macho yangu yawe yameniongopea.

"Hizi si zangu," baba akasema.

"Baba, ziko kwenye kibao chako."

"Kuna mtu anaingia humu. Nimesema siku nyingi, mamako hanisikii."

Mama alikuwa mlangoni na aproni yake. "Nani aingie, baba watoto? Funguo si unalala nazo."

"Basi ni wewe."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu aliyepiga hesabu na kupata jibu lake. Mama akageuka akaenda jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa na kuachwa yatiririke, na hayakuosha chochote.

Hospitali walimwambia achore saa. Aliichora kwa uangalifu mkubwa, duara safi kabisa, kisha akaweka namba zote upande mmoja. Daktari alikuwa kijana wa rika langu. Alitueleza ugonjwa ulivyo na unavyokwenda, halafu akauliza kama nyumbani kuna kitu chochote cha hatari. Mimi na mama tulitazamana.

Kwa hiyo tukaanza kupanga. Nikikuambia kwamba kwa majuma mengi sikulala vizuri, usidhani ni kwa ajili ya ugonjwa. Ni kwa ajili ya kile chumba. Mkono wake ulikuwa bado unajua kila kitu mle; asubuhi alikuwa akisahau kama amekunywa chai, lakini aliweza kukwambia shaba hii imepigwa mara nyingi au chache kwa kuibonyeza tu kwa kidole. Niliona kwamba tukiviondoa vitu vya chumba kile tunaondoa ubao wa mwisho alioshikilia, na atazama mbele ya macho yetu, tena akijua ni sisi. Tukikiacha, ipo siku bunduki itapasuka usoni mwake. Niliandaa majibu. Akiuliza bunduki iko wapi, imekwenda kukaguliwa. Akiuliza jeki, imekwenda kutengenezwa. Akikasirika, nitamwambia ukweli. Akilia, sikuwa na jibu. Nilimfanyisha mama mazoezi, mimi nikiwa baba na yeye akiwa yeye, mpaka akasema, "Inatosha, mama. Utaniua kabla yake."

Yule mzee wa uwanjani alitusaidia mambo ya polisi na ya dalali wa bunduki. Walikuja Jumamosi mchana, mama akiwa amempeleka baba kwenye ushirika. Nilikaa mlangoni nikiwatazama wakibeba: bunduki kwenye mfuko wake, kasha la ukutani, mizani, makopo ya baruti, pipa la mota, vikasha vya maganda yaliyokuwa yameng'arishwa yakingoja. Jeki ilishika sana. Bolti zake zilikuwa zimekaa miaka mingi hata mbao ikazimeza, na mzee yule alizitia spana akihema, akazitoa moja moja. Alipomaliza alipitisha kiganja juu ya meza kufuta vumbi. Aliniambia baba alikuwa mpigaji mwangalifu kuliko wote aliowahi kuwapa nafasi pale uwanjani. Alisema "alikuwa". Tulikuwa bado hatujamzika.

Baba alirudi saa ya chai. Alivua koti, akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Mimi nilimfuata, majibu yangu yote yamejaa mdomoni. Mama alibaki uani amejifunga mikono. Baba alisimama katikati ya chumba. Alitazama ukuta ambapo kasha lilikuwa, akatazama meza, akatazama dirisha.

"Chumba kikubwa hiki," akasema. "Kwa nini hampangishi?"

Nilisubiri. Nilidhani anatupima. Nilidhani ni ule utani wake wa karatasi, kwamba atageuka anitazame na ile miwani yake. Akapita kando yangu akaenda kunywa chai. Hakuuliza siku ile, wala kesho yake, wala mwezi uliofuata. Sikutumia jibu hata moja.

Tulipangisha. Mpangaji wetu ni mama kutoka Lubumbashi, fundi wa nguo, mwenye cherehani mbili na sauti ya furaha. Kila asubuhi anamwita baba papa na kumuuliza kama amelala muzuri, na baba humjibu kwa heshima kama mwenye nyumba. Siku niliyorudi na lile gunzi kutoka Marshalltown niliwakuta wote wawili chumbani mle. Alikuwa anatandika kitambaa juu ya meza ile nzito, kidole chake kikazama kwenye matundu ya bolti.

"Papa, hii matundu ku meza, ilikuwa ya nini?"

Baba aliinama akayatazama. Aliyagusa kwa kidole, moja baada ya jingine, polepole, na nikamwona akiyakagua kwa umakini ule ule niliokua nikiutazama, paji la uso limekunjamana, akitaka kuwa na hakika kabla ya kusema.

"Sijui, mama," akamjibu. "Tulipohamia tuliyakuta."

Mpangaji akasema si kitu, akaweka kitambaa juu yake, akakanyaga cherehani.

Mimi nilisimama pale na mkoba wangu begani. Wananiambia niache kufikiria sana, na huenda wana haki. Huko kwenye usaili waliniuliza udhaifu wangu nikawajibu huo, na wakaandika. Lakini nani tena ataniambia nitazame tena? Usiku naamka kukagua mlango, nao umefungwa, nami sina hakika. Narudi, naukagua tena. Zamani shaka kama hiyo ilikuwa na mwisho: kuna mtu aliimwaga koponi, akavaa miwani, akaanza upya, na mimi nikaenda kulala. Mtu huyo yuko sebuleni sasa hivi, amevaa sweta niliyomvalisha, anatazama televisheni bila kubishana nayo. Nikimuuliza kama yuko sawa, ananiambia yuko sawa, na ndiye pekee nyumbani humu mwenye hakika na kila kitu.